Beseni, Twiga na Shangazi wa Nairobi

Desemba imeingia, na huku kwetu kati ya Mtwapa na Mambrui haina haja ya kutangazwa. Nauli ya basi kutoka Nairobi imepanda, buti za mabasi zimejaa hadi mlango haufungi, na kila gari lenye vumbi la safari likikata kona kuingia mtaani, iwe Maweni, Kisumu Ndogo au kule Mnarani, watoto hulikimbilia kabla halijasimama. Wanaokuja ni watu wetu. Shangazi ameshuka kutoka Nairobi. Ami yuko likizo kutoka Doha. Binamu aliyeolewa Italia amekuja na mumewe, na watoto wawili wenye Kiswahili cha kuokoteza.

Na jikoni kuna swali linaloulizwa kwa sauti ya chini, mgeni asisikie. Hawa tutawapa nini? Shangazi ana friji mbili. Ami ana simu ambayo hata jina lake hatuwezi kulitamka. Yule mkwe wa Italia ana nyumba ya likizo Watamu aliyoijaza samani mpaka hakuna pa kupita. Watu hawa wana kila kitu.

Wenye maduka wana jibu lao, na wamelipanga mpaka barazani. Mabeseni ya plastiki ya rangi tatu, moja ndani ya jingine. Chupa za chai. Seti za glasi ndani ya boksi lenye picha ya maua. Saa za ukutani. Blanketi zito la manyoya, ambalo mimi sijui mtu wa Malindi atalifanyia nini na joto hili la kaskazi.

Sina ugomvi na beseni, nyumba bila beseni haiendi. Lakini beseni kama zawadi lina historia ndefu mjini Malindi kuliko muuzaji anavyodhani. Aprili 1498, siku za Pasaka, Vasco da Gama alitia nanga mbele ya mji huu na meli tatu. Krismasi iliyotangulia ilikuwa imemkuta baharini upande wa Afrika Kusini, na ile pwani akaipa jina la sikukuu, Natal, jina ambalo halijabanduka hadi leo. Mombasa walikuwa wameachana kwa ubaya. Kwa hiyo alipofika Malindi alitaka urafiki, na mmoja wa watu wake aliyeandika kumbukumbu za safari hiyo akaorodhesha zawadi alizopelekewa mfalme: joho, shada mbili za marijani, kofia, vikengele, vipande viwili vya kitambaa, na mabeseni matatu ya kunawia.

Mabeseni matatu, msikilizaji. Kwa mfalme wa bandari.

Mfalme wa Malindi alikuwa mtu wa adabu zake. Alijibu kwa kondoo sita, na karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili manga juu yake. Mwishowe akatoa na rubani wa kuwavusha hadi Bara Hindi, ingawa tuseme ukweli, Gama alimzuia kwanza mtumishi wa mfalme melini ndipo huyo rubani akapatikana.

Mei wakafika Calicut, bandari iliyokuwa na pilipili ya kuuzia dunia nzima. Wakafungua mizigo ileile: vitambaa 12, kofia 6, marijani, sukari, mafuta, asali na mabeseni 6. Wasimamizi wa mfalme wa Calicut walipoonyeshwa, walicheka. Wakamwambia hata mfanyabiashara maskini kabisa kutoka Makka huleta zaidi ya hivi, na kama anataka kumpa mfalme kitu, basi iwe dhahabu. Gama akajitetea kwamba yeye ni balozi, si mfanyabiashara, na kwamba vile ni vyake binafsi, si vya mfalme wa Ureno. Utetezi wa aina hiyo nimeusikia kwenye harusi nyingi za pwani hii.

Hakuponzwa na umaskini. Aliponzwa na kufungasha shehena moja ya vitu vya kumpa yeyote atakayemkuta njiani, awe mvuvi au mfalme. Nasi ndivyo tunavyonunua tarehe 23 Desemba: dazeni ya kitu kimoja kwanza, majina yatatafutwa baadaye.

Ajabu ni kwamba Malindi hiihii ilikuwa imeshaonyesha njia nyingine miaka 83 kabla ya mabeseni. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China, kwa mfalme Yongle wa nasaba ya Ming. Huyo ndiye mwenye kila kitu hasa. Merikebu zake zilizoongozwa na Zheng He zilikuwa zimeshafika hadi Bara Hindi na Hormuz. Kule Beijing alikuwa akijengewa kasri ambalo kazi yake ilianza 1406 na haikuisha mpaka 1420. Ungempelekea hariri? Hariri inatoka kwake. Bakuli la kaure? Sisi ndio tulikuwa wateja wake: vipande vya kaure ya Kichina vimefukuliwa tele pale magofu ya Gede, na lile kaburi la nguzo la Mambrui lilipambwa kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa ukutani.

Watu wa Malindi wakampelekea twiga.

Mnyama mzima, kwa bahari. Mwaka mmoja nyuma, 1414, twiga mwingine alikuwa ameshafika huko kutoka kwa mfalme wa Bengal na kuzua gumzo kubwa. Huyu wa Malindi alipofika, mfalme mwenyewe alitoka hadi langoni mwa kasri kumpokea. Sasa usidhani ni kwa sababu ya shingo ndefu tu. Wasomi wa pale walimtazama wakamwona ni qilin, mnyama wa hadithi zao za kale ambaye hujitokeza pale tu nchi inapokuwa na mtawala mwema na wa haki. Na Yongle, pamoja na merikebu zote na kasri lote, alikuwa na donda moja: kiti kile alikichukua kwa vita mwaka 1402, kutoka kwa mtoto wa kaka yake. Alikuwa na kila kitu isipokuwa shahidi wa kusema kwamba anastahili kukaa pale alipokaa. Shahidi akaja kutoka Malindi, na miguu minne.

Sidhani wajumbe wetu waliyajua mambo yote ya ukoo ule. Lakini walikuwa watu wa biashara, na mtu wa biashara huuliza mteja amefurahia nini mara ya mwisho. Jibu la mfalme lilikuwa kubwa: safari ya tano ya Zheng He, iliyoanza 1417, iliwarudisha mabalozi makwao na kufika hadi pwani yetu. Mwaka 2010 wachimbuaji wa mambo ya kale, Wachina kwa Wakenya, waliokota Mambrui sarafu ya enzi ya Yongle. Zawadi nzuri hujibiwa, hata kama ni mchangani.

Basi turudi kwa shangazi.

Tunaposema shangazi ana kila kitu, tunakuwa tumehesabu nini? Tumehesabu gari, nyumba, na hizo friji mbili. Halafu tumehesabu karo aliyomlipia mtoto wa huyu, mabati aliyomnunulia yule, na matanga aliyoyasimamia peke yake wakati wanaume wa ukoo wamekaa chini ya mwembe wakiamua mambo. Hatumtazami uso, tunamtazama mkono. Na tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, si lazima hata aje tumwone. Kila asubuhi simu yake inamwamsha kwa shikamoo ndefu, na shikamoo ikizidi urefu, shangazi anajua kuna bili nyuma yake. Desemba ni ya nguo za watoto. Januari, ile tuliyoipa jina Njaanuari, ni ya karo na sare. Februari kuna mgonjwa.

Mtu wa namna hiyo anaweza kumaliza miaka kumi bila kupewa chochote na mtu wa damu yake. Si kwamba hapendwi. Kila mmoja amejiambia, mimi ni nani nimpe shangazi kitu, atakiweka wapi? Tunajificha nyuma ya utajiri wake. Na methali tunaijua vizuri sana, kutoa ni moyo usambe ni utajiri, lakini tunaikumbuka tu wakati anayetakiwa kutoa ni mwingine.

Nina mpwa wangu, kijana wa bodaboda hapa Malindi, ambaye Krismasi moja alimtumia shangazi yake shilingi 200 na ujumbe: shangazi, hii ni ya maziwa ya chai. Basi. Hakuna ombi chini yake. Shangazi aliogopa. Alidhani ni wale matapeli wanaotuma ujumbe wa pesa za uongo halafu wanapiga simu kulia kwamba wamekosea namba, tafadhali rudisha. Akakaa akisubiri simu ya kulia, haikuja. Akapiga yeye. Walizungumza muda mrefu kuhusu mambo ambayo hayakuwa na bei yoyote, na mpaka leo huyo kijana akipiga, simu hupokelewa kabla haijaita mara ya pili. Wengine tukipiga, tunaambiwa yuko kwenye mkutano.

Na ukitaka kumpa kitu cha kushika mkononi, tazama anachokula akifika. Huyu wa kwetu hupakuliwa pilau, kuku, na soda baridi, akagusagusa kwa heshima. Halafu alasiri unamkuta uani amekaa kwenye kibao, anakula sima na mboga ya mtsunga wa nazi, ule mchungu wenyewe, kwa mkono, viatu amevua. Nairobi utapata sukuma wiki kila kona. Mtsunga uliochumwa asubuhi shambani, ukachemshwa na kumwagwa maji ya uchungu, ukatiwa tui zito, huo hauuzwi mjini kwake. Safari iliyopita aliacha keki tatu alizopewa na akaondoka na ndoo: mtsunga uliokwisha kuchemshwa na kugandishwa, nazi zilizofuliwa, na muhogo. Alibembeleza kondakta ndoo ile ikae miguuni kwake, isiende kwenye buti.

Kwa anayerudi mbali zaidi, kuna sheria za kuangalia. Desemba ndio msimu wa maembe, ngowe na boribo na yale ya apple yamejaa barabarani kuanzia Gede hadi Magarini, na kila mwaka kuna mtu anayemjazia binamu wa Italia sanduku la maembe. Yataishia uwanja wa ndege. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, abiria anayeingia nchi za Umoja wa Ulaya haruhusiwi kubeba matunda mabichi bila cheti cha afya ya mimea, na sababu moja ni inzi wa matunda ambaye embe letu humsafirisha bila tiketi. Matunda yaliyosamehewa ni matano tu: nanasi, ndizi, tende, doriani, na nazi. Nazi, msikilizaji! Katika matunda yote ya dunia, la kwetu limepewa pasi. Fua nazi vizuri, ondoa makumbi yote, na weka pamoja nayo mbuzi ya kukunia, ile ya kukunja. Nina hakika hakuna jiko la Milano lenye mbuzi, na yule mkwe atashangaa mkewe anaikalia ili afanye nini.

Wa Ghuba ni kazi nyingine. Usimpelekee mtu wa Muscat halwa, Oman ndiko halwa inakosifika, utakuwa umempelekea Yongle bakuli. Wape mabuyu, wape achari ya embe yenye pilipili ya kutoa machozi.

Lakini kwa mtu wa bara, halwa haina mpinzani, na nataka nikae hapa kidogo. Ukiweza nenda ukaione inavyopikwa, usiishie dukani. Sufuria ni la shaba, pana kama mlango wa nyumba, na moto wa kuni chini yake. Wanga umevurugwa kwenye maji, sukari imo, na mpishi ana mwiko mrefu kama kasia. Hasimami. Akisimama inashika chini, na halwa iliyoshika chini haisameheki. Kwa muda mrefu ni uji tu, mzito, usio na sura. Halafu samli inaanza kuingia, kata moja, inakorogwa mpaka imezama. Kata nyingine, mpaka imezama. Na pole pole ule uji unaanza kung'aa, unaachana na ukingo wa sufuria, unazunguka na mwiko kama kitu kimoja. Iliki inatiwa mwishoni ili harufu isipotelee motoni. Shati la mpishi limelowa mgongo mzima. Mtu aliyeona hayo hawezi tena kusema halwa ni zawadi rahisi, na hukaa majuma bila friji, kwa hiyo zile friji mbili za shangazi zinapumzika.

Wapo wenye kila kitu wa aina ya pili, na hao si matajiri. Ni wazee wetu. Muulize hawe, yaani bibi, kule Ganze au Bamba, mama nikuletee nini Krismasi, atakujibu, sina haja na kitu mwanangu, nioneni tu. Nasi kwa kuwa hatuwezi kwenda mikono mitupu, tunambebea leso. Kila mjukuu leso. Kila sikukuu leso. Siku moja nilikuwepo wakati sanduku la bati la bibi mmoja wa ukoo wetu lilipovutwa kutoka chini ya kitanda, akitafuta kitambulisho. Leso zilikuwa zimelaliana mpaka kifuniko. Zote mpya, ngumu kwa wanga wa kiwandani, zenye harufu ya duka, na zote bado pande mbili zimeshikana kama zilivyotoka dukani. Hakuna iliyokatwa. Hakuna iliyopindwa. Mwilini alikuwa amejifunga iliyochakaa mpaka maandishi yake hayasomeki.

Mnajua ni kwa nini? Macho hayaoni tundu la sindano, na fundi cherehani yuko sokoni, mwendo wa bodaboda kwenda na kurudi. Kila aliyempa leso alimpa na kazi asiyoiweza. Mjukuu mmoja wa kike, ambaye hakuwa na pesa ya kununua chochote mwaka ule, akazibeba zote kwa fundi, akakaa naye mpaka zikaisha, kata, pinda, kunja. Zilipofika nyumbani, bibi alijifunga mbili kwenda kanisani. Zilizobaki akawaita wanawake wenzake akaanza kugawa. Nilimwona uso. Miaka yote ile alikuwa anapewa, kumbe alichotamani ni kuwa na cha kutoa.

Kwa hiyo ukienda kwa mzee, kabla hujanunua, kagua alichonacho na uone kipi kimekufa. Redio isiyo na betri. Miwani iliyofungwa kwa uzi. Simu aliyoletewa na ami, nzuri, lakini hakuna aliyemwekea namba za watoto wake. Mlango unaokwama kila mvua ikinyesha. Dukani hutaona haya, na gharama yake ni siku moja ya likizo yako.

Na hapa kaunti ya Kilifi kuna jambo la kusema bila kuzunguka. Wapo wazee miongoni mwetu ambao mvi zao zimewaponza. Wamesingiziwa uchawi, wengine wameuawa, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Pale Kaya Godoma, Ganze, wazee waliotishiwa na watu wao wenyewe wamekuwa wakipewa hifadhi. Krismasi ndiyo siku ukoo mzima unakutana na maneno ya shamba yanaanza baada ya chakula. Mjukuu msomi kutoka mjini akiketi na bibi yake mbele ya wote, akala naye sahani moja, akamuuliza habari za zamani kwa sauti ya kusikika, anakuwa amewaambia wajomba jambo ambalo barua ya wakili isingelisema vizuri zaidi.

Kuna na zawadi za kutotolewa. Nitapita haraka. Makombe na marijani yaache baharini, utamponza mgeni wako kwa maaskari wa forodha. Na vigango visiguswe kabisa. Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, husimikwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, na hakihamishwi. Miaka ya sabini na themanini viling'olewa usiku kwenye mashamba ya Wagiriama, vikauzwa kwa wenye maduka ya sanaa, vikaishia kwa matajiri wa ng'ambo waliokuwa na kila kitu na wakataka na hicho. Mwaka 1990 jumba la makumbusho la Denver, Marekani, lilipokea vigango 30, navyo vilitolewa kama zawadi. Zawadi ya kitu cha marehemu wa mtu mwingine! Vilirudi Kenya mwaka 2019. Kwa hiyo ukionyeshwa kinyago kirefu cha zamani na muuzaji anaongea kwa kunong'ona, ondoka.

Watakaoniuliza kuhusu Mamajusi, ni kweli, nao walikuwa na tatizo letu: mtoto ambaye mbingu ni yake unampa nini. Katika zile zawadi tatu, ubani na manemane hutoka kwa jirani zetu Wasomali na Waarabu, na ubani unapatikana hapa Malindi kwa bei ya soda. Dhahabu tuwaachie wenyewe.

Zawadi kubwa niliyoiona ikitolewa pwani hii haikununuliwa hata kidogo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ikisherehekea uhuru wake, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, hapo kaskazini mwa Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kutazama miali ya eksirei kutoka angani, na ilikuja kuorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo. Aliyesimamia mradi huo NASA, mama mmoja aitwaye Marjorie Townsend, aliipa jina Uhuru, kwa heshima ya wenyeji waliowapokea. Mwanasayansi mkuu wa kazi ile, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobeli mwaka 2002, na wanafizikia wa kila nchi mpaka leo wanalitaja neno letu wakiandika habari za nyota.

Nasi desturi hiyo tunayo. Mtoto akizaliwa hupewa jina la babu, la bibi, la shangazi, na mwenye jina anapata wajina. Mwaka juzi shangazi yule wa friji mbili alipata wake, binti wa mpwa wa bodaboda. Mimi nilikuwepo alipopigiwa simu. Alinyamaza, halafu akauliza, "Jina langu lote? Hata lile la Kigiriama?" Akaambiwa lote. Mwanamke aliyelipa karo za nusu ya ukoo alikata simu akapiga tena baada ya dakika kadhaa, kuuliza mtoto analala upande gani.

Nimalizie na majirani, maana Krismasi ya huku si ya Wakristo peke yao. Nyumba nyingi zina wa kanisani na wa msikitini chini ya dari moja, na sahani zinavuka ua: pilau inakwenda kwa jirani Mwislamu, na sahani hairudi tupu, inarudi na kaimati au sambusa, kama vile yeye alivyotukumbuka Idi. Shangazi anayeishi nyuma ya geti la umeme Nairobi hajapeleka sahani kwa mtu mwaka mzima. Mpe yeye hiyo kazi. Mfunike sahani, mpe mtoto wa kumwonyesha njia, aende akabishe hodi mwenyewe kwa wale waliomwona akikua. Atarudi baada ya saa mbili, na utakuwa umekwisha osha vyombo.

Na wanaotaka halwa, wapishi huzidiwa na oda wiki ya mwisho. Nendeni mapema, wekeni jina, na mbebe chombo chenye kifuniko kinachobana, kwa sababu mtaipeleka kwa basi na barabara ya Mombasa mnaijua. Taarifa ya habari inafuata.